Simu ya video inapoganda: namna ya kutafuta tatizo la mtandao ukiwa Arusha au Moshi

Simu ya video inapoanza kuganda, wengi wetu hukimbilia kuongeza bando au kumwomba mtoa huduma atupandishie kifurushi. Mara nyingi fedha hiyo huenda bure, kwa sababu kasi haikuwa tatizo. Mazungumzo ya watu wawili kwenye Zoom huhitaji takribani megabiti 0.6 kwa sekunde kwa picha nzuri ya kawaida, na megabiti 1.2 kwa picha ya 720p, huku sauti peke yake ikitosheka na kilobiti 60 hadi 80. Mwenye kifurushi cha megabiti 20 ambaye bado sauti yake inakatika ana shida ambayo kifurushi cha megabiti 40 hakitaiondoa.

Yanayoharibu mazungumzo ni mambo matatu, na skrini za programu huyaandika kwa majina ya Latency, Jitter na Packet Loss. La kwanza ni ucheleweshaji, yaani muda ambao pakiti, kipande kidogo cha data, hutumia njiani. La pili ni kuyumba kwa ucheleweshaji huo, pakiti moja ikifika kwa milisekunde 40 na inayofuata kwa 300. La tatu ni upotevu, yaani pakiti ambazo hazifiki kabisa. Unaposoma gazeti mtandaoni, pakiti iliyopotea hutumwa tena nawe hutambui kitu. Katika mazungumzo, sauti iliyochelewa haina kazi tena, kwa hiyo programu huiacha na wewe husikia neno limekatwa katikati. Zoom hupendekeza ucheleweshaji usiozidi milisekunde 150, kuyumba kusikozidi milisekunde 40 na upotevu usiozidi asilimia 2. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, katika pendekezo lake la G.114, nalo hutaja milisekunde 150 za upande mmoja kuwa kiwango ambacho mazungumzo mengi huenda vizuri, na 400 kuwa kikomo ambacho haifai kukivuka.

Njia ya kupata kiini ni kuifuata pakiti kutoka kwenye kifaa chako kwenda nje, kipande kimoja baada ya kingine, bila kuruka. Mkulima wa mteremko wa Kilimanjaro asiyeona maji shambani hufanya hivyo hivyo: huufuata mfongo, yaani mfereji wa maji, kwa miguu kuanzia shambani kwake akipanda juu, mpaka anapokuta mahali ulipobomoka. Utahitaji kompyuta, simu, waya mmoja wa Etheneti, na ikiwezekana laini ya kampuni nyingine ya simu kwa ajili ya kulinganisha. La muhimu kuliko vyote, pima saa ileile ambayo tatizo hutokea. Vipimo vilivyochukuliwa saa nne asubuhi havisemi lolote kuhusu simu inayokwama saa mbili usiku.

Hatua ya kwanza: nani anaganda?

Hatua hii haihitaji chombo chochote, na wengi huiruka. Ikiwa unawaona washiriki wote wameganda kwa pamoja, tatizo liko upande wako, katika data inayokuja kwako. Ikiwa unawaona na kuwasikia wote vizuri lakini wao wanalalamika kwamba hawakusikii, tatizo ni data inayotoka kwako, yaani kasi ya kupakia au hali ya njia hiyo. Ikiwa ni mshiriki mmoja tu anayeganda na wengine wako sawa, tatizo ni lake, na hakuna utakalofanya kwenye ruta yako, kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, litakalomsaidia. Waulize washiriki wawili tofauti kabla ya kuhukumu, maana jibu la mtu mmoja huweza kuwa jibu la mtandao wake yeye.

Zoom hurahisisha kazi hii. Ukiwa ndani ya mkutano, fungua mipangilio, kisha sehemu ya takwimu, na utaona ucheleweshaji, kuyumba na upotevu vikiwa vimetenganishwa kati ya kutuma na kupokea. Google Meet ina ukurasa wake wa utatuzi ndani ya menyu ya mkutano, na Microsoft Teams ina ukurasa wa afya ya simu. Piga picha ya skrini wakati sauti inakatika, maana dakika mbili baadaye tarakimu hizo zitakuwa zimebadilika.

Hatua ya pili: zima picha, ubaki na sauti

Mwombe kila mshiriki azime kamera kwa dakika mbili. Ikiwa sauti inapona mara moja, kuna mahali ambapo data inasongamana, nawe elekeza nguvu zako kwenye hatua ya tano na ya sita. Ikiwa sauti inaendelea kukatika ingawa haihitaji hata kilobiti 100, basi pakiti zinapotea au zinayumba, na hapo mshukiwa wa kwanza ni Wi-Fi, wa pili ni kompyuta yenyewe.

Hatua ya tatu: kompyuta

Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha utazame matumizi ya prosesa wakati simu inaendelea. Yakikaa juu ya asilimia 90, picha itaganda hata kama mtandao ni mzuri kiasi gani. Funga vichupo vya kivinjari usivyovitumia, zima ukungu wa nyuma ya picha, kwa sababu kazi hiyo huilemea kompyuta ya zamani, na uichomeke kwenye umeme, maana kompyuta mpakato nyingi hupunguza nguvu zinapotumia betri. Ikiwa unatumia VPN, yaani programu inayopitisha data yako kwenye seva nyingine, izime kwa muda ujaribu tena. Kama unatumia vipokea sauti vya Bluetooth, jaribu vya waya, kwa kuwa Bluetooth na Wi-Fi ya gigahezi 2.4 hutumia masafa yaleyale.

Hatua ya nne: kutoka kompyuta hadi ruta

Fungua dirisha la amri (Command Prompt) na uandike ipconfig. Tafuta mstari wa Default Gateway; tarakimu zilizo mbele yake, kwa mfano 192.168.1.1, ndiyo anwani ya ruta yako. Kisha andika:

ping -n 100 192.168.1.1

Kwenye Mac au Linux badala ya -n huandikwa -c. Amri hii hutuma pakiti 100, moja kila sekunde, na kukuonyesha kila moja imerudi baada ya milisekunde ngapi. Ruta iko ndani ya nyumba yako, kwa hiyo majibu yanapaswa kuwa madogo na yaliyotulia: 2, 3, 2, 4, 3, na upotevu wa asilimia sifuri. Ukiona mfululizo kama 3, 4, 212, 5, 380, halafu mistari miwili isiyo na jibu, usiendelee kutazama nje. Umeshapata kipande kibovu, nacho ni Wi-Fi yako.

Thibitisha kwa waya. Unganisha kompyuta kwenye ruta kwa Etheneti, zima Wi-Fi, na urudie amri ileile. Tarakimu zikitulia, mtoa huduma hana kosa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu malalamiko mengi yanayopelekwa kwa kampuni za intaneti yangeishia hapa, kwa waya mmoja wa mita tano.

Tiba ya Wi-Fi hutegemea nyumba. Kuta za mawe na za matofali ya saruji, ambazo ni za kawaida katika miji yetu hii miwili, hudhoofisha sana mawimbi ya gigahezi 5 na kiasi fulani yale ya 2.4. Ikiwa uko chumba kimoja na ruta, tumia gigahezi 5, ambayo ina nafasi kubwa na haina msongamano wa majirani. Ikiwa kuna kuta mbili katikati, 2.4 itafika mbali zaidi, lakini chagua chaneli ya 1, 6 au 11, kwa kuwa hizo tatu haziingiliani. Itoe ruta nyuma ya televisheni au ndani ya kabati la chuma, uiweke juu, mahali pa wazi. Amri ya netsh wlan show interfaces itakuonyesha nguvu ya mawimbi kwa asilimia, nawe unaweza kutembea na kompyuta ukiona zinavyopanda na kushuka. Kwa chumba kimoja ambacho mikutano hufanyika kila siku, ushauri wangu ni kupitisha waya wa kudumu na kuachana na hesabu za chaneli.

Hatua ya tano: foleni ndani ya ruta

Kipande cha ndani kikiwa salama, pima nje kwa anwani ya Google, ambayo hujibu karibu daima:

ping -t 8.8.8.8

Iache iendelee, na uandike wastani wa majibu wakati hakuna mtu mwingine anayetumia mtandao. Sasa, bila kuisimamisha, anza kupakia faili kubwa la video kwenye hifadhi yoyote ya mtandaoni, na utazame tarakimu. Ikiwa zilikuwa 45 na sasa zimekuwa 60, mambo ni mazuri. Zikipanda hadi 500, 800, au zaidi ya 1,000, umekutana na tatizo ambalo naamini linaharibu mikutano mingi ya ofisi za mjini kuliko jambo lingine lolote, ingawa vipimo vya kasi huwa havilionyeshi waziwazi.

Kinachotokea ni hiki. Ruta ina akiba ya kumbukumbu ambamo pakiti husubiri zamu ya kutoka. Njia ya kupakia kwa kawaida ni nyembamba kuliko ya kupakua, na faili kubwa huijaza akiba hiyo mara moja. Pakiti ndogo za sauti yako hupanga mstari nyuma ya mamia ya pakiti za video, hazipotei, lakini zinafika zimechelewa sekunde nzima, na programu huzitupa. Ndiyo maana kifurushi kikubwa kinaweza kuwa na simu mbovu: foleni ni ileile, na faili likiwa kubwa vya kutosha litajaza hata njia pana.

Chukua ofisi ya wakala wa watalii iliyoko Njiro au Sakina. Wateja wake wengi wako Marekani, na saa mbili usiku kwetu ni saa saba mchana New York wakati wa majira yao ya joto, saa sita mchana wakati wa baridi. Huo ndio muda mzuri wa kuzungumza na mteja anayepanga safari ya Serengeti. Lakini huo ndio muda pia ambao madereva na waongoza watalii wamesharudi kutoka porini na simu zao zimeungana na Wi-Fi ya ofisi. Programu za kuhifadhi picha kwa kawaida husubiri Wi-Fi ili zisile bando, kwa hiyo picha na video za tembo za siku sita huanza kupanda zote kwa pamoja, bila mtu yeyote kubonyeza kitu. Mwenye ofisi ataapa kwamba hakuna anayetumia mtandao, na atakuwa anasema kweli kwa kadiri anavyoona.

Dawa ya haraka ni kutenganisha: wape wafanyakazi na wageni Wi-Fi ya wageni yenye kikomo cha kasi, jambo ambalo ruta nyingi huliwezesha katika ukurasa wake wa mipangilio, na uhifadhi wa picha upangiwe saa za usiku wa manane. Dawa ya kudumu ni ruta yenye uwezo wa kusimamia foleni. Ruta zinazoendeshwa na OpenWrt, mfumo huria wa ruta, zina programu ya kusimamia foleni iitwayo SQM, yenye mbinu za fq_codel na CAKE, ambazo huzipa nafasi pakiti ndogo zisikwamishwe na faili kubwa. Pima kasi yako halisi ya kupakia kwa waya, kisha iwekee SQM kikomo cha asilimia 85 hadi 90 ya kasi hiyo, ili foleni ijengwe ndani ya ruta unayoitawala na isihamie kwa mtoa huduma. Rudia jaribio la faili kubwa; tarakimu za ping zinapaswa kupanda kidogo tu. Kwenye intaneti ya laini ya simu mbinu hii ni ngumu zaidi, kwa kuwa kasi ya mnara hubadilika kila dakika na kikomo cha jana huenda leo ni kikubwa mno.

Hatua ya sita: kutoka ruta hadi kwa mtoa huduma

Kwa wenye faibaa sehemu hii ni fupi. Tazama taa ya LOS kwenye kifaa cha faibaa: ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki, mwite fundi. Ikiwa simu hukatika kabisa kwa dakika mbili au tatu na kurudi, chunguza umeme kabla ya mtandao, kwa sababu kukatika kwa sekunde moja kunatosha kuizima ruta na kuilazimu ianze upya. Betri ndogo ya volti 12 itaishikilia, mradi volti ya ruta yako ni hiyo, na mradi kifaa cha faibaa nacho kimeunganishwa kwenye betri hiyo.

Kwa wanaotumia ruta ya laini ya 4G, fungua ukurasa wa mipangilio wa ruta na utafute kipimo cha nguvu ya mawimbi kinachoitwa RSRP, ambacho huandikwa kwa dBm zenye alama ya kutoa. Karibu na -80 ni nzuri sana. -100 inatosheleza kwa shida. Chini ya -110 usitegemee mkutano. Kwenye simu nyingi za Android unaweza kukiona katika taarifa za hali ya laini, ndani ya mipangilio.

Ardhi yetu ina neno hapa. Mtu aliyeko Kibosho, Machame au Marangu anaweza kuwa karibu na mnara kwa ramani na bado asiuone, kwa kuwa kuna kigongo kati yao, naye anaishi upande wa bonde. Migomba iliyosongamana huzidi kuyapunguza mawimbi, hasa majani yakiwa yamelowa mvua. Paa la mabati nalo hurudisha mawimbi, kwa hiyo ruta iliyowekwa juu ya kabati, karibu na dari, haipati faida unayoitarajia. Isogeze dirishani, upande mnara ulipo. Subiri dakika moja kila unapoihamisha, andika RSRP ya kila mahali, na uchague kwa tarakimu. Tofauti ya dirisha moja na lingine katika nyumba hiyohiyo huweza kufika dB 10 au zaidi, na hiyo ni tofauti ya mara 10 ya nguvu.

Sasa linganisha saa mbili za siku. Ikiwa RSRP ni mbaya asubuhi na mbaya usiku, tatizo ni mahali ulipoiweka ruta, na antena ya nje juu ya mlingoti inaweza kuwa jibu. Ikiwa RSRP haibadiliki, tuseme -88 muda wote, lakini ping ni 50 saa kumi na moja alfajiri na 400 yenye upotevu saa mbili usiku, basi mnara umejaa watumiaji. Kusogeza ruta au kununua antena hakutasaidia sana hapo. Jaribu laini ya kampuni nyingine, ambayo huenda inatumia mnara mwingine, kwa bando dogo la siku moja, palepale na saa ileile, kabla hujafunga mkataba wowote.

Hatua ya saba: njia ya mbali

Andika tracert 8.8.8.8 na utaona vituo ambavyo pakiti hupitia. Usishtuke ukiona nyota katikati. Ruta nyingi za njiani hazijibu pakiti za aina hii au huzijibu mwishoni kabisa. Upotevu una maana tu ukianzia kituo fulani na kuendelea hadi cha mwisho.

Kuna ucheleweshaji ambao hakuna fundi wa kuuondoa. Mwanga ndani ya faibaa husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Arusha hadi London kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 7,000, kwa hiyo kwenda na kurudi tu ni milisekunde 70, na kebo za baharini hazinyooki: hupita Bahari ya Hindi, Bahari ya Shamu na Mediterania. Ping huhesabu kwenda na kurudi, kwa hiyo ping ya 150 au 180 kwenda Ulaya ni ya kawaida, na mazungumzo huenda vizuri nayo ikiwa imetulia. Usimlaumu mtoa huduma kwa hilo. Mlaumu ikiwa kawaida yake ni 160 na leo ni 350. Hata hapo, kwanza tazama kama nchi nzima inaumia: tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na intaneti ya Tanzania ikadorora pamoja na ya nchi kadhaa za jirani. Siku kama hiyo, punguza picha, bakiza sauti, au panga upya mkutano.

Ikiwa ni ofisini tu

Simu ikiwa nzuri kwa hotspoti ya simu yako lakini mbaya kwa mtandao wa ofisi wenye kasi kubwa, mtazame fayawoli, kizuizi kinachochuja data inayoingia na kutoka. Programu hizi hupendelea itifaki ya UDP, utaratibu wa kutuma data bila kusubiri uthibitisho; ikizuiwa, hujibana kwenye itifaki ya TCP, ambako kila pakiti iliyopotea husimamisha zilizo nyuma yake. Mwombe msimamizi wa mtandao aruhusu trafiki ya UDP inayotoka: bandari 8801 hadi 8810 kwa Zoom, 3478 na 19302 hadi 19309 kwa Google Meet, na 3478 hadi 3481 kwa Teams.

Kupeleka lalamiko

Ikiwa hatua ya nne ilikuwa safi na ya sita ikaonyesha kasoro, una haki ya kudai huduma uliyoilipia, na lalamiko lenye vipimo husikilizwa tofauti na lalamiko la «mtandao unasumbua». Hifadhi vipimo kwa amri hii, ambayo huchukua kama dakika 10:

ping -n 600 8.8.8.8 > vipimo.txt

Fanya hivyo kwa ping ya ruta pia, ukitumia jina lingine la faili, ili fundi asije akakurudisha kwenye Wi-Fi. Andika tarehe, saa ya kuanza, kama ulitumia waya, RSRP kama ni laini ya simu, na majina ya programu ulizojaribu. Rudia jioni kadhaa, ukiweka na jaribio moja la alfajiri kwa ajili ya kulinganisha. Mpelekee mtoa huduma kwa maandishi na udai namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Asipokujibu, au jibu lake lisipokuridhisha, lifikishe kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ukiambatisha namba hiyo na faili zako, kwa sababu Mamlaka itataka kuona kwamba ulianza kwa mtoa huduma. Fundi akishakuja na kusema amerekebisha, endesha amri zilezile kwa saa ileile ya usiku kabla hujakubali lalamiko lifungwe.